Boneti ya Dereva Haxby

Jumatatu, 29 Aprili

Mkutano wa klabu tena. Wanaume kumi na mmoja, mabirika mawili ya chai, na mimi. Klabu ya Magari ya Kijeshi ya Hinderby! Ajenda ya kwanza: rangi. Saa nzima. Kwamba kijani cha mwaka arobaini na mbili si kijani cha arobaini na nne, na kwamba kuna mtu kijiji cha jirani amepaka jipi yake kijani cha makosa na bado anatembea kifua mbele. Wakatikisa vichwa utadhani wako msibani.

Ajenda ya pili ndiyo iliyonipata. Tarehe moja Juni ni msafara wa magari ya zamani. Mwaka huu kamati ya wilaya imetangaza kwamba gari la kwanza kwenye msafara litakuwa lile ambalo historia yake imethibitishwa kwa nyaraka. Si kwa hadithi za baa — kwa nyaraka. Mwenyekiti wetu, Bwana Lionel Gathercole, akasema klabu ina gari moja tu la kustahili heshima hiyo. Macho yote yakamgeukia Clement.

Clement Haxby ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu Rosalind. Baba yake, Wilfred, alikuwa dereva wa jeshi. Alikufa Machi 1945, Clement akiwa mtoto wa miezi miwili. Hakufa kwa risasi, alikufa hospitalini kwa kidole tumbo, jambo ambalo klabu hulitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu kwa mwanajeshi kuwa na utumbo. Aliacha picha moja. Amekaa juu ya madigadi ya lori, anacheka, mkono mmoja ameuweka kwenye boneti, na nambari ya jeshi kwenye boneti inasomeka vizuri kabisa.

Miaka ishirini hivi iliyopita Clement alinunua lori bovu la Bedford lililokuwa limesahauliwa ghalani. Akaanza kukwangua boneti kwa msasa na maji. Ikatoka bluu, ikatoka nyekundu, ikatoka kijani — halafu ikatoka nambari. Ile ile ya kwenye picha! Rosalind alinipigia simu huku analia. Alisema Clement ameingia ndani, ameshika usukani, hataki kushuka hata kula.

Tangu hapo kila jioni hukaa humo nusu saa. Anasema mikono ya baba yake ilishika pale pale anaposhika yeye. Mimi si mtu wa machozi, na mambo ya klabu hii nayacheka yote, lakini hilo sijawahi kulicheka.

Basi, nani aende London kwenye Jumba la Nyaraka? "Muriel," akasema Mwenyekiti. "Amesoma mwandiko wa madaktari miaka yote ile pale duka la dawa. Karani wa jeshi atamshinda nini?" Clement naye: "Niletee karatasi tu, shemeji. Ukweli ninao." Nimekubali. Nilikuwa nimekula biskuti zao nyingi mno kukataa.

Mengineyo: Clement alitusomea barua yake mpya kwa halmashauri kuhusu ule mkweche wa lori wa Ivor Pell, unaofugiwa kuku kando ya barabara, hapo hapo utakapopita msafara. "Uchafu unaotia doa kumbukumbu ya mashujaa wetu." Makofi. Miaka miwili sasa anaandika barua hizi.

Ijumaa, 3 Mei

London. Mlangoni walininyang'anya kalamu. Penseli tu! Kifutio marufuku. Peremende marufuku — nilikuwa nayo mdomoni, na mlinzi alinitazama mpaka nikaimeza. Kila daftari kuukuu huwekewa mto wa sponji lisiumie mgongo. Mimi nikapewa kiti cha mbao.

Jirani yangu mezani alikuwa mzee mmoja wa Bristol mwenye lenzi. Akaninong'oneza kwamba anatafuta trela la maji lililopotea mwaka 1943. Nikamuuliza, ukilipata? Atajua lilikokwenda. Halafu? Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

Mchana nililipata. Lori la Haxby limo! Nambari ya boneti ni ile ile, kikosi ni kile kile. Lilivuka hadi Ufaransa, likaenda Ubelgiji, likarudi. Na pembeni, kwa mwandiko wa kuku, nambari ya chesisi, yaani ile ya kwenye fremu yenyewe ya lori: inaishia na 417. Nimenakili kwa penseli yangu ya utiifu. Hata mimi moyo uliruka, sikatai.

Jioni nimempigia Clement. Akasema, "Naam. Nilijua." Kisha nikamsikia anapenga kamasi.

Jumapili, 5 Mei

Kamati inataka pia picha ya kibati cha chesisi. Sawa, jambo dogo. Ila kibati hakionekani. Clement amekipaka rangi! Mara tatu, kwa kijani sahihi cha mwaka sahihi. "Kilikuwa kinang'aa, shemeji. Vitani hakuna kung'aa."

Hao ndio wanaume wetu. Mtu atakwangua boneti miezi sita akitafuta nambari, kisha nambari nyingine iliyo wazi mbele ya macho yake aizike kwa sababu inang'aa. Na wenzake wote wakaja kukagua, wakainama, wakasifu kijani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma kibati.

Alipoingia ndani kuchemsha chai nikatoa tupa yangu ya kucha, nikakwangua. 386. Nikafuta miwani. 386! Nikafuta kibati. Hakikubadili mawazo.

Clement akatoka na keki ya limau. "Inasomeka?" Nikamwambia rangi imeganda sana. Uongo huo ulikuwa na ukweli ndani yake.

Jumatano, 15 Mei

London tena. Clement anajua niko kwa daktari wa macho.

Safari hii niliomba jalada la karakana ya jeshi iliyokuwa hapa nje ya kijiji chetu, ambako magari yaliletwa kutengenezwa baada ya vita kabla ya kupigwa mnada. Ndani yake kuna malalamiko ya kapteni mmoja, mtu mwenye hasira za kupendeza. Anasema mafundi wake wakifungua malori huzitoa boneti, huziegemeza ukutani, na jioni kila fundi hurudishia ile iliyo karibu naye, awahi baa. "Kwa mwendo huu," ameandika, "nitakabidhi magari yasiyojua majina yao." Nilimpenda! Ningeolewa naye. Chini ametaja malori yaliyovishana boneti, akisubiri amri ya kuyarudishia. Amri haikuja. 417 na 386 yako pamoja, mstari mmoja.

Kwa hiyo boneti ya Clement ni ya baba yake kweli. Boneti peke yake. Vingine vyote, kiti, magurudumu, breki, usukani, ni vya 386. Na 386 lilikaa vita nzima kwenye shule ya waokaji mikate wa jeshi, likibeba unga. Halikuvuka bahari. Lilivuka barabara.

Nikauliza 417 liliishia wapi. Orodha ya mnada: limenunuliwa na R. Pell, Shamba la Chini, Hinderby.

Pell! Baba yake Ivor. Mkweche wa kuku. Miaka miwili Clement anaililia halmashauri iliondoe lori la baba yake mwenyewe.

Nilitoka nje kunywa maji. Mzee wa Bristol akaninong'oneza, je, nimepata msiba? Nikamwambia nimepata lori. Akanishika mkono kwa wivu mtupu.

Alhamisi, 16 Mei

Niliamka nimeshaamua. Namwambia leo. Nikafika kwake, namkuta anacheza jikoni — Clement, ambaye hakucheza hata kwenye harusi yake! Halmashauri imejibu. Mkweche wa Pell utaondolewa Ijumaa ijayo, tarehe ishirini na nne, saa tatu asubuhi. Mtu wa vyuma chakavu atakuja na kreni, na kutoka hapo ni moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga.

Alikuwa amefungua mvinyo aliouweka kwa ajili ya Krismasi. Akanimiminia. "Kwa heshima ya baba," akasema.

Nikanywa. Mungu anisamehe, nikanywa na kuongezewa.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda kwa Pell, kisingizio mayai. Hana mtu nyumbani, mke alimkimbia, ana kuku tu na ulimi. Nikamwomba nichungulie ndani ya lori.

"Chungulia. Ila jogoo hapendi watu wa klabu."

Nikaingia kwa magoti. Harufu! Boneti haipo, marehemu mzee Pell aliifanya paa la banda la nguruwe. Matairi hayapo. Lakini usukani upo. Mweusi, umepasuka kidogo upande wa juu, imara. Kwenye kiti cha dereva kuku mwekundu amelalia mayai, akaniangalia kama karani wa halmashauri. Kibati hakijapakwa rangi. Kimepakwa mavi ya kuku, ambayo hutoka kwa leso. 417.

Nikakaa hapo chini kidogo. Sijui kwa nini nililia. Sikumjua Wilfred Haxby.

Nikamweleza Pell yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka.

"Baba yake kabisa?"

"Kabisa."

"Na anataka lisagwe."

"Hajui, bwana."

Akatema mate pembeni. "Sikiliza, dada. Miaka miwili huyo mtu ananisema kwa wakubwa. Kuku wangu amewaita uchafu. Sawa. Lori ni langu, na shida ya halmashauri ni barabarani tu. Nikilivuta nyuma ya ghala hakuna mwenye neno. Mtu wa kreni namrudisha kwa kupunga mkono. Lakini sipungi. Aje yeye. Kwa miguu yake. Asimame hapo getini, aseme naomba."

"Nikikuomba mimi?"

"Wewe nakuuzia mayai."

Akaniuzia. Mazuri sana, kusema kweli.

Jumanne, 21 Mei

Nimejaribu. Clement alikuwa ndani ya lori, mikono kwenye usukani, macho mbele, anaendesha bila kwenda popote. Nikapiga moyo konde, nikafungua mlango wa abiria, nikakaa kando yake. Akageuka, akatabasamu.

Nikamuuliza kama amekunywa dawa ya presha.

Jumatano, 22 Mei

Nimeona nimtangulize Mwenyekiti, labda atanisaidia kusema. Nikamwonyesha nakala zote. Gathercole alisoma, akazikunja vizuri, akanirudishia kama mtu anayerudisha chupa ya mkojo kwenye kaunta.

"Kamati imesema nambari. Boneti ina nambari. Nyaraka zina nambari hiyo. Wapelekee nambari."

"Na chesisi?"

"Chesisi imepakwa rangi, Muriel."

"Nimeikwangua."

"Ipake tena! Mkebe nitakuletea mimi." Akasogeza kiti. "Tulikutuma uthibitishe, mama, hatukukutuma uchunguze."

Nikamuuliza, na lori la baba yake kusagwa keshokutwa? Akafikiri. Akafikiri kweli, nilimwona. Kisha akasema kwamba mkweche ule hauna hata boneti, hauwezi kuingia kwenye msafara, kwa hiyo kihistoria hauna faida.

Kihistoria! Nimetoka bila kuaga. Nilipofika nyumbani, kwa hasira nikavunja mayai mawili ya Pell.

Alhamisi, 23 Mei

Nimemwambia.

Nilitandaza nakala zote juu ya meza yake ya jikoni, nikaweka na picha ya baba yake, nikaeleza kwa utaratibu kama ninavyoeleza dawa: hii kwanza, hii baadaye. Alisoma miwani ikiwa juu ya paji la uso.

"Umesoma vibaya."

"Sijasoma vibaya, Clement."

"Basi kapteni alikuwa mlevi."

"Huenda. Twende gereji ukasome kibati."

Hakwenda. Akaishika karatasi ya shule ya waokaji, akaigeuza nyuma, nyuma hamna kitu.

"Unga?"

"Unga."

"Miaka ishirini," akasema, "nazungumza na mwokaji mikate."

Sikujua nicheke au nilie, nikakohoa. Akauliza kama Rosalind alijua. Nikasema hapana, hakuna aliyejua. "Afadhali," akasema. Hapo ndipo roho iliponiuma hasa.

Kisha nikamwambia usukani wa kweli uliko. Na niliyemkuta nao. Kuku mwekundu na mayai yake, yote nikasema. Na sharti la Pell.

Akasimama, akaviosha vikombe viwili ambavyo vilikuwa visafi.

"Pell? Sitamwomba Pell hata maji nikiwaka moto."

"Ni neno moja, shemeji."

"Nimemwita adui wa mashujaa. Kwa maandishi. Kwenye gazeti la wilaya!"

"Basi liache lisagwe."

Akanifungulia mlango. Akaufunga nyuma yangu polepole sana, ufunguo ukazunguka polepole sana. Heri angeubamiza.

Ijumaa, 24 Mei

Naandika ndani ya gari, nimeegesha ng'ambo ya barabara, mbele ya shamba la Pell. Penseli, maana mkono wangu leo na wino havipatani.

Mtu wa vyuma chakavu amewahi kufika. Maisha yangu yote sijaona fundi, mtu wa bomba wala daktari akiwahi katika wilaya hii, huyu leo amewahi! Kreni imeshashushwa miguu. Mwenyewe anakula mkate wa soseji, anasubiri saa itimie.

Klabu yote imekuja. Hawajui kitu, Gathercole hajawaambia. Wamepanga viti vya kukunja kwenye majani kando ya barabara, chupa za chai miguuni, mmoja kaleta bendera ndogo. Gathercole ameniona, amegeuza kichwa, anapiga picha ua.

Pell anatoa kuku. Wawili wawili, kila kwapa kuku, anawapeleka ghalani, anarudi. Hatazami barabara. Kila akirudi anapitia getini, ambako hakuna njia wala sababu.

Clement hayupo.

Namwona! Anakuja kwa miguu kutoka upande wa kanisa. Amevaa suti nyeusi, ile ya mazishi ya dada yangu, viatu vinang'aa. Klabu wamesimama, wanapiga makofi — wanadhani amekuja kusherehekea! Mmoja anampa kiti. Anawapita. Hajawaitikia hata salamu, Clement ambaye humsalimia mpaka mbwa wa posta. Makofi yanapungua, yamebaki ya mtu mmoja asiyesikia vizuri.

Amefika getini. Amevua kofia. Pell amesimama upande wa pili, kuku mwekundu kwapani. Wako karibu kiasi cha kupeana mikono. Nimeshusha kioo nisikie.

"Habari za asubuhi, Pell."

"Za asubuhi, Haxby."

Mtu wa kreni amemaliza mkate, amejifuta, amepitisha mnyororo chini ya fremu.

"Huenda ikanyesha," anasema Clement.

"Huenda."

"Shamba litafurahi."

"Kidogo."

Sema! Sema, mwanamume wewe! Nimeuma penseli. Injini ya kreni imewaka. Mwenyewe anamtazama Pell, mkono kwenye mtambo, anangoja. Pell hamtazami yeye, anamtazama Clement, na mkono wake mmoja ulio huru ameushusha kando, wazi, haujapunga na haujakunjwa. Clement amefungua mdomo. Ameufunga. Masikio yake yamekuwa mekundu mpaka huku nayaona. Anamwangalia yule kuku.

Anauliza, kwa sauti ambayo mara ya mwisho niliisikia makaburini, kama hao wekundu ndio wanaotaga vizuri.

"Wanataga," anasema Pell.

Mnyororo umekaza, na mkono wa Pell bado haujapunga.